Maswali ya wasomaji: Kapteni wa All Blacks alilazimishwa kwenda vitani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Huku Area C tumebishana sana na washkaji, mmoja anasema kapteni wa zamani wa All Blacks, ile timu ya raga ya New Zealand, alikua mtu wa Ayalandi na akafia vitani, mi nikakataa, kapteni wa nchi atokeje nchi nyingine? Na kama ni kweli, alikamatwa kwa nguvu kama babu zetu walivokamatwa kubeba mizigo ya wazungu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri ndugu yangu, mshkaji wako yuko sahihi kabisa. Huyo ni Dave Gallaher, kazaliwa 1873 Ramelton, huko Donegal, Ayalandi, wazazi wake wakahama nae 1878 akiwa bado mtoto wakaenda kuishi Katikati, ndo jina la mji wenyewe huko New Zealand. Mwaka 1905 akaongoza timu kuja Ulaya, kwenye ziara nzima wakacheza mechi 35 wakashinda 34, Wales tu ndo waliwafunga 3-0 pale Cardiff, na ni ziara hiyo iliyofanya jina All Blacks lijulikane duniani.

Kulazimishwa hapana. Vita ya Makaburu kule Afrika Kusini alishapigana, na 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alikua kavuka miaka 40, ana mke na binti mdogo, angekaa zake nyumbani na hakuna ambae angemlaumu, lakini akajiandikisha mwenyewe, tena kwenye karatasi za jeshi akajipunguzia umri! Mwaka huohuo mdogo wake Douglas aliuawa Ufaransa. Yeye akafa tarehe 4 Oktoba 1917 kwenye mapigano ya Passchendaele, Ubelgiji, kipande cha kombora kilimpiga kichwani, kazikwa Poperinge na jiwe la kaburi linasema miaka 41 wakati alikua na 43. Mwaka uliofata akafa pia ndugu yao Henry, ndugu watatu vita moja, inaniuma sana hii.

Leo Ufaransa na New Zealand zinagombea kombe lenye jina lake.

Sasa kuhusu babu zetu, hapo umegusa kitu kikubwa. Kwenye vita hiyohiyo, Julai 1916 ndo majeshi ya Afrika Kusini, upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma yakawatoa Wajerumani, na pande zote mbili walichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, wanaume wakasombwa kua wapagazi bila kuulizwa, mashamba yakakosa watu, mvua nayo ikagoma, ikaja ile njaa ya Mtunya iliyoua maelfu, yaani Gallaher anakufa Ubelgiji huku Ugogo watu washaanza kufa njaa. Gallaher alichagua, wao hawakupewa nafasi hiyo, na majina yao mengi hayajaandikwa popote. Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa mambo ya Mtunya, muulize majina na vijiji, halafu tutumie tuyachape hapahapa.