Mabomu ya ardhini "yanayojizima yenyewe": kwa nini hoja hiyo haimtoshi mteguaji

Mkuu, umeuliza: kama mabomu ya ardhini ambayo Marekani iliamua kuipa Ukraine Novemba 2024 yanajilipua au kujizima yenyewe, mashirika ya misaada yanalalamikia nini, wakati Urusi inatega yasiyo na kikomo?

Tuanze na huko kujizima. Ndani ya bomu mna saa inayolilipua muda ukifika: baada ya saa 4, saa 48 au siku 15, kutegemea aina. Saa ikigoma, betri huisha na kiwashio hakipati umeme. Mfano ni ADAM, bomu la Marekani la kutupwa kwa mzinga: kombora moja la mzinga wa milimita 155 hubeba mabomu 36. Yakitua hutupa nyuzi nyembamba pembeni. Ukigusa uzi, kilipuzi huruka juu na kupasukia hewani.

Sasa piga hesabu. Itifaki ya kimataifa ya 1996 kuhusu mabomu ya kutegwa inataka 9 kati ya 10 yawe yamejilipua ndani ya siku 30, na baada ya siku 120 yanayofanya kazi yasizidi 1 kati ya 1,000. Makombora 1,000 ni mabomu 36,000. Kwa kipimo hicho, 36 yanaweza kubaki yanafanya kazi na bado ukawa umetimiza masharti. Yako wapi hayo 36? Hapo ndipo penye kazi. Hata lile ambalo betri yake imekufa lina baruti tele, na kwa macho hulitofautishi na linalofanya kazi. Mteguaji hawezi kulihesabu kuwa salama kwa sababu kalenda imesema hivyo. Atapita njia ya upana wa mita moja, atatafuta nyuzi kwanza, atafyeka majani kidogo kidogo, atapitisha kigunduzi cha chuma, na kila kinapolia atachimba taratibu akitokea ubavuni. Mabomu 3 au 300 shambani, mita za kukagua ni zile zile.

Ahadi za kiwandani zilishapimwa. Katika vita vya Ghuba vya 1991 Marekani ilitawanya karibu mabomu 118,000 ya kujilipua, mengi yakiwa ya kulipua vifaru. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya 2002 ilisema wasafishaji walikuta 1,977 hayajalipuka katika sehemu moja tu kati ya saba za Kuwait.

Kisheria, Mkataba wa Ottawa wa 1997 hauangalii bomu linaishi siku ngapi. Unaangalia nani analilipua: likilipuka kwa sababu mtu amelikaribia au kuligusa, ni marufuku. (Linalolipuliwa na askari kwa amri, na la vifaru, hayamo.) Marekani haimo kwenye mkataba, Urusi pia haimo. Ukraine imo tangu 2006, na kifungu cha 1 kinakataza kutumia, kupokea na kulimbikiza. Kujitoa nako kuna kigingi: kifungu cha 20 kinataka miezi sita, na ikiisha nchi ikiwa vitani, kujitoa hakuanzi mpaka vita viishe. Kwa hiyo tangazo la Kyiv la 2025 la kuusitisha mkataba lina utata kisheria.

Hoja ya kijeshi si ya kipuuzi. Adui anayekuja kwa vikundi vidogo kwa miguu hucheleweshwa na mabomu haya. Ila bomu la kutupwa kwa mzinga haliachi ramani ya moja moja, bali makadirio ya eneo lililopigwa.

Na kwa wanaosema "watapelekewa panya wetu wa Morogoro": panya buku anayefunzwa kunusa mabomu ni mwepesi, halipui bomu la kukanyagwa, na hunusa baruti bila kubabaishwa na vyuma chakavu. Lakini huanza kazi majani yakishafyekwa, na penye nyuzi anayetangulia hatarini ni mfyekaji.