Wifi na Shada la Funguo

Mliuliza wiki hii: ni filamu gani ya kutisha iliyokunyima usingizi, na ni kitu gani hasa ndani yake?

Yangu ni Crimson Peak ya Guillermo del Toro, ya mwaka 2015. Niliinunua shilingi 50 katika duka la muvi hapa Umoja, na kijana wa duka akanionya, "Hiyo ni ya mapepo, mathe." Mapepo yamo, tena mekundu kama nyama mbichi. Hayakunifanya kitu. Aliyeninyima usingizi ni wifi.

Edith Cushing, binti wa tajiri wa Buffalo, Marekani, anaolewa na Thomas Sharpe, Mwingereza mwenye jina kubwa na mfuko mtupu. Anapelekwa Allerdale Hall, kule Cumberland, jumba lililotoboka paa hadi theluji inaangukia ukumbini, na udongo mwekundu unachuruzika kutani. (Jumba lenyewe lilijengwa kweli ndani ya studio, Toronto, kisha likabomolewa. Nilipojua hilo niliumia kama aliyebomolewa kibanda.) Humo yumo Lucille, dada ya Thomas. Edith anaomba funguo za nyumba. Ni mke wa mwenye nyumba, haki yake. Lucille anamjibu kwa upole kwamba hazihitaji kwa sasa, kuna sehemu za nyumba zisizo salama.

Hapo nikasimamisha filamu. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikasema nataka maji.

Nilipoolewa tulikaa kwao Buruburu mwaka mmoja na nusu. Nyumba ya vyumba vitatu tu, si jumba. Dada yake mkubwa alivaa funguo shingoni kwa kamba ya kiatu: wa kabati la sukari, wa geti, na wa chumba cha nyuma. Sukari nilipimiwa. Chumba cha nyuma niliambiwa kimejaa vitu vya marehemu baba mkwe na panya. "Usijisumbue, mke wetu."

Halafu kuna ile chai. Lucille anamletea Edith kikombe baada ya kikombe, Edith analalamika ni chungu, lakini anakunywa. Sumu imo humo. Wake watatu waliomtangulia walipita njia hiyohiyo, mali zao zikabaki. Sisi ambao mgeni hatoki kwetu bila chai, kumwona mtu akiuawa polepole kwa kukaribishwa ni jambo la kukufanya uchungulie kikombe chako. Wifi yangu hakunitilia chochote, tusisingiziane. Chai yake ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi.

Katika nyumba ile mapepo ndiyo pekee yanayosema kweli. Marehemu mamake Edith alishamwonya tangu utotoni, na wale wafu wa Allerdale wanamwelekeza tu: tazama hapa, fungua hapa. Siri yenyewe ya kaka na dada sitaiandika, jarida hili linasomwa na watoto. Sehemu ya mwisho ya kukimbizana na visu naiona imezidi. Lucille alinitisha zaidi akiwa na kijiko.

Siku moja wifi yangu alikwenda Gikomba akasahau funguo juu ya friji. Nikafungua. Hakukuwa na panya. Kulikuwa na kitanda kidogo kimetandikwa shuka safi, na juu yake sare ya shule iliyopigwa pasi, ya mtoto wa miaka saba hivi. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa. Mimi niliambiwa nyumba hiyo ilizaa wawili tu, wifi na mume wangu. Nikafunga, nikarudisha funguo palepale. Aliporudi alizitazama, akanitazama, akauliza kama nimekunywa chai.

Sikuwahi kumwambia mtu. Ila usiku ule, majina ya waigizaji yakipanda kwenye kioo, nilimuuliza mume wangu kile chumba cha nyuma kilikuwa cha nani. Alianza kutafuta rimoti. Aliinua mito ya kiti, akapapasa chini ya meza, akatazama nyuma ya televisheni, na muda wote huo ilikuwa mkononi mwake.

Msomaji wenu, Umoja, Nairobi