Kufurahia maua ya kwanza wakati wa Pasaka, ni upagani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni wa Moshi ila sasa naishi Minnesota, Marekani, na familia, na baridi ya huku haiishi leo wala kesho. Wiki ya Pasaka nimetoka nje nikakuta viua vya zambarau vimetoboa theluji, nikalia kwa furaha, nikaposti picha kwenye group letu la maombi nikaandika "Amefufuka". Dada mmoja akanijibu kwamba maua na mayai ni sikukuu ya kipagani ya majira ya kuchipua, Kanisa liliiba tu. Nimevunjika moyo. Ni kweli? Na wanangu wakaokote mayai ya rangi na ya chokoleti yanayofichiwa watoto siku ya Pasaka huku, na wenzao, au niwakataze?

JIBU: Amefufuka kweli kweli dada! Picha yako usiifute.

Hilo la kuiba linazunguka kila mwaka Pasaka ikikaribia, watu wanaforward tu Biblia imefungwa. Majira haya hayakuchaguliwa na Wazungu, Mungu mwenyewe ndiye aliyesema, Kumbukumbu 16:1, utunze mwezi wa Abibu umfanyie Bwana pasaka, na Abibu ni mwezi ambao shayiri ya nchi ya Israeli inatoa masuke, mvua za baridi zinaishia ishia na mashamba yanaanza kuiva. Bwana Yesu akasulubiwa kwenye Pasaka hiyo hiyo ya Wayahudi. Mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325 ukataka makanisa yote yasherehekee siku moja, na kanuni tunayotumia ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, ndo maana inahamahama kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na nyie huko kuna miaka mtaimba Haleluya theluji iko magotini.

Sasa fungua Walawi 23, mimi hapa huwa sipiti haraka. Mavuno yakianza kuhani anautikisa mganda wa kwanza mbele za Bwana siku inayofuata Sabato, na Yesu alitoka kaburini siku gani? Siku inayofuata Sabato. Paulo akaunganisha, 1 Wakorintho 15:20, Kristo ni limbuko lao waliolala, yaani mganda mmoja umeshatolewa na shamba zima linakuja nyuma yake, wakiwemo wazazi wetu tuliowazika. Kwa hiyo mtu akiona kitu kinachipua akakumbuka ufufuo hajaokota upagani popote. Kirilo askofu wa Yerusalemu, karne ya 4, akiwafundisha waliojiandaa kubatizwa aliwauliza Mwokozi alifufuka majira gani, akawajibu kwa Wimbo Ulio Bora sura ya 2, mvua imekwisha, maua yametokea katika nchi. Na wewe umefanya hivyo hivyo, kwa simu tu.

Ila kuna sehemu nakuonya, manake huyo dada hajakosea yote. Viua hivyo vitakufa, na Novemba huko kwenu hutaona jani, mwakani vinaanza upya, vinakufa tena. Kristo yeye akiisha kufufuka hafi tena, Warumi 6:9. Halafu fikiria nyumbani Moshi, Pasaka inaangukia masika, watu wanaingia kanisani na tope viatuni, na Australia ndo kwanza majani yanadondoka, sasa ufufuo ungekuwa unategemea maua hao wangeshangilia nini? Shukuru kwa ua, ila imani iweke kwenye kaburi lililokutwa wazi, ili mwaka ambao theluji haijayeyuka au una msiba ndani usibaki mikono mitupu.

Mayai ni jambo dogo. Zamani Kwaresma ya Ulaya mayai hayakuliwa, kuku wao hawakujua kama kuna mfungo wakaendelea kutaga, Pasaka ikifika mayai yamejaa nyumba nzima, na Wakristo wa Mashariki wanayapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Bwana. Yule sungura anayesemekana kuleta mayai ya Pasaka ni hadithi ya watoto ya Wajerumani, wahamiaji wao wakaipeleka Pennsylvania huko Marekani, mimi sina ugomvi naye ila hana la kufundisha. Waache wakaokote, baada ya ibada lakini, na wewe uwe umeshawasomea habari za kaburi, manake mtoto akikua anajua chokoleti tu hapo si kosa la yai.

Huyo dada usibishane naye kwenye group mbele ya watu. Mpigie, msome Warumi 14 pamoja, Paulo alishakutana na waumini wanaogombania siku.