Faiba yangu iliungua siku umeme uliporudi

Juzi kijana mmoja wa Njombe ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimejichanga, nataka leza ya faiba yenye kilowati 10. Ninunue ipi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka mitatu iliyopita ujumbe kama huo nilikuwa nauandika mimi, na hakuna fundi aliyenijibu.

Mdogo wangu, hizo kilowati 10 hata kimashine changu cha wati 20 pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, kinazo, ila kwa kitambo kifupi cha kila pigo la mwanga. Nacho ni cha faiba, yaani uzi wa kioo unaokuza mwanga wa leza. Ndicho ninachochongea majina kwenye vikombe na vibao vya mashine za kusaga. Kikipiga mapigo 20,000 kwa sekunde, kila pigo linabeba milijuli 1. Milijuli hiyo ya nishati ikitoka ndani ya nanosekunde 100 (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni), kilele cha nguvu yake ni kilowati 10. Uibane itoke kwa nanosekunde 10, umefika kilowati 100, na bili ya umeme ni ileile.

Shida ya kimashine changu ni kwamba ni cha kyu-swichi, urefu wa pigo huugusi. Mwalimu mmoja alitaka nembo nyeusi kwenye vikombe vya chuma kisichoshika kutu. Nikamchomea 14, vyote vikatoka kahawia. Alichukua hela yake akaondoka bila kuaga. Usiku ule niliapa nitaunda ya mfumo wa MOPA: diodi ndogo ya leza inatoa pigo la urefu unaoutaka, ndiyo mbegu, halafu faiba yenye metali ya iterbiamu inalikuza. Fundi mmoja mkubwa akanicheka mbele ya watu, eti leza haziundwi Mbeya. Sijasahau.

Nilijifunzia diodi za nanomita 905 (ndio urefu wa wimbi la mwanga wake), zile za vifaa vya kupimia umbali, maana bei yake inabebeka. Ya kwanza niliiua kwa sweta. Ilikuwa Juni, baridi yetu mnaijua na hewa imekauka, nimevaa nailoni, nikaishika kwa vidole. Cheche yenyewe hata sikuiona.

Ya pili ilinifundisha waya. Sentimita mbili tu za waya zina kama nanohenri 20. Ukitaka ampea 30 zipande ndani ya nanosekunde 3, kipande hicho peke yake kinakudai volti 200. Mimi nilikuwa na 60, nikawa nashangaa pigo linatambaa kama konokono. Nikakata miguu ya diodi, nikaichomelea risasi juu ya kapasita yenyewe. Mstari ukasimama wima kwenye oskiloskopu, kile kioo kinachochora umbo la pigo! Nilimwita mke wangu aje aone. Akauliza kama mstari huo unalipwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fupisha waya. Ukimaliza, fupisha tena.

Miezi ya kutafuta mbegu ya nanomita 1064 na pampu, yaani diodi kubwa zinazoijaza faiba nishati kwa mwanga, nairuka, haina utamu. Aprili, mvua inapiga, faiba inakuza vizuri, umeme ukakatika. Uliporudi, pampu iliwaka papo hapo, ila kompyuta ndogo inayoongoza mbegu ikachukua sekunde mbili kuamka. Iterbiamu hujaa nishati kama bwawa. Mbegu isipokuja kuichota, faiba huanza kupiga yenyewe, bila mpangilio. Nilisikia "tik". Ncha ilikuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Hela ya viazi vya msimu mzima.

Nyie vijana mnapenda video za cheche. Nani kati yenu ana miwani ya nanomita 1064? Mwanga ule hauonekani, kope hazifungi kujikinga, na miwani ya jua ya pale Kabwe haikusaidii kitu. Mnataka kilele kabla ya kujua kushika diodi. Na nyaya mnaziacha ndefu! Nimesema zifupisheni.

Baadaye niliweka fotodiodi, kijicho cha kuhisi mwanga, inayoichungulia mbegu. Isipoona mapigo, rilei (swichi inayojiwasha na kujizima) haiipi pampu umeme, na mapigo yakikatika katikati ya kazi, inaizima. Umeme umeshakatika mara nne tangu hapo na faiba ni nzima. Wiki iliyopita nimetoa kikombe cha kwanza cheusi tii. Mwalimu yule sijamtafuta. Akipita Mwanjelwa atakiona, nimekiweka dirishani.