Re: Gamba jeusi linalogeuka kijani mvua ya kwanza ikipiga, ni ugonjwa wa udongo?

Mkuu, umeuliza mambo kadhaa kwa mkupuo: hilo gamba jeusi juu ya kichanga cha shamba lako la Uyui ni kitu gani, kwa nini linakuwa kijani siku ileile mvua inaponyesha, kama ndilo linalofanya mahindi yawe njano, na kama upulizie dawa ya ukungu yenye shaba uliyoshauriwa dukani. Nianze na la dawa kwa sababu ndilo linalokugharimu: usipulize. Shaba itawaua viumbe wasio na kosa na yenyewe itabaki kwenye udongo wako. Hela hiyo nunulia mbegu.

Mimi nalima upande wa Sikonge, udongo wetu haupishani sana na wako, na gamba hilo nimelizoea. Ni viumbe hai. Wengi wao ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na wenye nyuzinyuzi, akina Microcoleus na Scytonema, ndio wanaofunga mchanga ukashikamana. Huo weusi na ukahawia ni rangi ya kujikinga na jua kali, ambayo baadhi yao wanaitengeneza wenyewe.

Kabla hujaniamini, hakikisha kwanza kwamba tunaongelea kitu kimoja. Chukua kipande kikavu cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kimege katikati taratibu bila kukibonyeza, kisha tazama pale kilipomegekea, ukigeuzie kwenye mwanga. Kama ni gamba hai utaona chembe za mchanga zinaning'inia pembeni, hazidondoki, kwa sababu zimeshikwa na nyuzi ambazo macho matupu hayazioni vizuri. Kama limekatika tu na hakuna kinachoning'inia, huo ni udongo uliopigwa na matone ya mvua ukagandamana. Huo kweli unazuia miche kutoka, na dawa yake ni mboji, matandazo na jembe.

Kipande kingine kiweke kwenye kisahani kivulini, ukidondoshee maji kidogo kidogo mpaka kilowe. Kwangu rangi huanza kubadilika kabla chai haijapoa. Hapo hakuna aliyezaliwa, hakuna kiumbe kinachozaana kwa kasi hiyo. Walikuwepo siku zote, wamejificha chini kidogo ya uso wa udongo, na maji yakifika wanateleza kupanda kwenye mwanga. Uso ukianza kukauka wanashuka tena. Garcia-Pichel na Pringault walilionyesha hilo mwaka 2001 kwenye udongo wa jangwani: hawa jamaa wanayafuata maji yanakokwenda.

Sasa kiangazi wanakivukaje? Kuanzia Mei hadi Oktoba huku hatupati mvua ya maana, na mwezi wa kumi ardhi tupu inaunguza nyayo. Sianobakteria hawahifadhi maji humo ndani kwa miezi yote hiyo. Wanakubali kukauka, ila wanakauka kwa utaratibu. Nje wamejizungushia ute mzito unaochelewesha maji kutoka. Ndani wanajaza sukari, hasa trehalosi, ambayo inakaa mahali pa maji na kuzuia utando wa seli na protini zisiharibike. Mitambo yao ya kunasa mwanga nayo inazimwa, mwanga unaoingia unatolewa kama joto, maana mwanga ukinaswa wakati hakuna maji ya kuutumia unaleta sumu ndani ya seli. Mwaka 1941 Lipman aliripoti kwamba Nostoc iliyokuwa imehifadhiwa kavu kwenye mkusanyo wa mimea kwa miaka 87 iliwekewa maji ikafufuka. Nostoc ndiyo ile jeli ya kijani inayoteleza unayoikuta uwanjani na kandokando ya mbuga mvua zikichanganya, ikikauka inabaki kama karatasi nyeusi. Kwa kiumbe wa namna hii, kiangazi cha Tabora si tatizo.

Tatizo ni kuamka. Maji yakiingia, kinachoanza ni kupumua, tena ndani ya dakika chache, na kupumua ni kula akiba. Seli zimevuja, kuna vitu vya kukarabati, na ile sukari ya ulinzi lazima ipunguzwe haraka, la sivyo maji yataingia kwa nguvu mno. Kutengeneza chakula kwa mwanga kunafuata nyuma, na kwa waliokauka muda mrefu kunaweza kuchukua saa kadhaa kurudi sawasawa. Kunasa naitrojeni ya hewani, kwa wale wenye uwezo huo kama Nostoc, ndiko kunakochelewa kuliko vyote, pengine siku kadhaa. Kwa hiyo kila mvua inaanza na hasara, faida inakuja baadaye kama unyevu utadumu.

Ndiyo maana kiangazi kirefu hakinipi wasiwasi kama zile rasharasha za Oktoba: kamvua kadogo jioni, wanapumua usiku kucha gizani bila kuingiza chochote, asubuhi jua linakausha kabla hawajarudisha walichotumia. Nyanda za Colorado kule Marekani watafiti waliongeza vimvua vya milimita 1.2 tu wakati wa joto, na mimea midogo ya kijani inayoota kwenye gamba la aina hii ikashuka kutoka karibu asilimia 25 ya uso wa ardhi hadi chini ya 2 katika msimu mmoja. Maji yaliongezwa, na wakafa.

Kuna jambo la karibu na nyumbani ambalo wakulima wengi tunalitumia bila kujua chanzo chake. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa unatoa hewa ya kaboni kwa wingi pamoja na naitrojeni ambayo mmea unaweza kuitumia, na ukikaa mkavu muda mrefu zaidi mfumuko huo unakuwa mkubwa zaidi. Mpaka leo wanasayansi wanauita kwa jina lake. Sehemu kubwa ni kazi ya bakteria na kuvu wengine wa udongoni, gamba lako ni mchangiaji tu. Ila ndipo wazee wanaosisitiza kuwahi kupanda wanapopata haki yao: mbegu iliyoingia na mvua ya kwanza ya uhakika inaikuta naitrojeni hiyo, anayechelewa anakuta imeshashushwa chini na maji, hasa kwenye kichanga.

Shambani penyewe usihangaike kulilinda. Ukipiga matuta ya tumbaku au mahindi litavunjika tu, na mahindi yakifunga kivuli halitapata jua. Liache kwenye kingo, kwenye miteremko isiyolimwa na pale ulipopumzisha ardhi, kwa sababu huko linazuia mchanga usipeperushwe wala kusombwa. Adui wake huko ni kwato za ng'ombe wakati limekauka, na moto kichaa.

Mahindi kuwa njano hapohapo penye gamba, mimi ningeanza kumulika naitrojeni. Kama njano inaanzia majani ya chini, inatoka ncha ya jani na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la V, ni njaa ya naitrojeni: weka urea kidogo baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu, na uifukie. Kama njano iko kwenye majani machanga ya juu, hiyo ni habari nyingine, weka picha hapa.