Maswali na Majibu: Kuku Wakati wa Baridi

*Tangu Juni kuku wangu wa kienyeji wanakoroma usiku, ingawa nimeziba kila tundu la banda kwa magunia na nailoni. Nimekosea wapi? (Mama mfugaji, Molo)*

Umekosea hapo hapo pa kuziba, mama. Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, tena amevikwa manyoya, kwa hiyo baridi ya Molo haimtishi maadamu ni mkavu. Kinachomdhuru ni unyevu wa pumzi na kinyesi chake, ambao hupanda usiku, ukakutana na mabati yaliyopoa, kisha ukadondoka alfajiri juu ya maranda, nayo yakilowa hutoa amonia, hewa kali inayowasha macho na njia ya pumzi. Ingia bandani asubuhi kabla hujawafungulia, uchuchumae mpaka usawa wa kuku: macho yakikuwasha, wao wamekesha humo. Acha uwazi wa upana wa kiganja chini ya paa, uutie wavu, na upepo uuzuie huku chini wanakolala. Wakiendelea kukoroma, mwite afisa wa mifugo, kwa kuwa ugonjwa wa kideri (Newcastle) nao huweza kuanza hivyo.

*Je, niwape mahindi jioni? (Njoro)*

Wape kiasi, kuyasaga tumboni huwapa joto usiku. Yasichukue nafasi ya chakula cha kutagia.

*Jiko la makaa linafaa kwa vifaranga? (Bahati)*

Linafaa, ila makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu hata moshi ukiisha, basi tundu la juu lisizibwe. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakikimbilia kando wakitweta, joto limezidi.

*Dada yangu aliyeko Minnesota asema kuku wake huacha kutaga theluji ikianza. Mbona wangu wa Kisumu hawaachi? (Kisumu)*

Sababu kubwa ni mwanga. Kisumu, karibu kabisa na ikweta, mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa dada yako mwezi Desemba haufiki saa 9, ilhali kuku hutaga vizuri akipata saa 14 au zaidi. Anaweza kuwawashia taa alfajiri, ingawa mimi ningewaacha wapumzike. La lazima ni maji, ambayo huganda na kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara, pamoja na ubao bapa wa kulalia, ili kuku akiketi manyoya ya tumbo yafunike vidole visigande.