Nina mimba, niache dawa zangu?

Dada yangu wa Kadutu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Una mimba ya miezi minne, na miaka miwili umemeza olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, bila ugonjwa kukurudia. Wiki jana mama mkwe akakuambia dawa hizo zitamharibu mtoto, ukazificha ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Halafu mwishoni ukaandika, kana kwamba si kitu: "Usiku wa tatu huu silali, nafagia uwanja saa nane za usiku."

Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa ugonjwa wako, mara nyingi usingizi hukimbia kwanza, sauti ambazo wengine hawazisikii zikafuata nyuma. Mama aliyezidiwa hali chakula, haendi CPN (kliniki ya wajawazito), anaweza kutoka usiku asijue aendako. Hatari hiyo pia inamfikia mtoto tumboni.

Olanzapini imetumiwa na wajawazito wengi, na tafiti kubwa hazikuonyesha kwamba inazidisha sana vilema. Inaweza kukunenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo omba upimwe sukari. Ya kuogopa ni Depakine, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili na kifafa: kati ya watoto 100 walioipata tumboni, 10 hivi huzaliwa na kilema. Kama nayo umeandikiwa, mwone daktari upesi akubadilishie, usiikate mwenyewe.

Uzalie hospitalini, na mkunga ajue unachomeza. Siku za kwanza mtoto anaweza kutetemeka, kulegea au kunyonya kwa shida, ndiyo maana anahitaji kuangaliwa. Kunyonyesha unaweza, maana dawa inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Umtazame tu asisinzie hadi akasahau ziwa. Ila usilale naye kitanda kimoja, dada yangu, dawa hiyo ina usingizi mzito. Usiku mama mkwe akuletee mtoto anyonye, kisha amchukue. Nawe upate kulala, kwa sababu wiki za kwanza baada ya kuzaa ndizo ugonjwa huu hupenda kurudi.

Usingoje CPN ya mwezi ujao. Kesho asubuhi nenda SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapo Bukavu, au kwa daktari aliyekuandikia, kopo mkononi na mama mkwe pembeni. Anamwogopea mjukuu wake, basi swali lake amwulize daktari mwenyewe. Na sauti zikianza leo usiku, amsha watu wa nyumbani, msingoje kuche.